Ndara za fundi wa Mwembe Tayari: nyota nne, ya tano imeliwa na msumari

Nazipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ililiwa na msumari, na habari ya msumari nitaifikia. Nimezivaa miezi tisa, takriban kila siku, na si kwa kuketi. Mimi ni muuza kahawa. Dele mkono mmoja, ndoo ya maji na finjani mkono wa pili, natoka nyumbani baada ya swala ya alasiri narudi saa nne za usiku, nikizunguka Makadara, Kibokoni na vichochoro vyote vya Mji wa Kale wa Mombasa ambavyo gari haliingii. Anayetaka kujua kama ndara zinafaa, azipe mtu wa kazi kama yangu.

Ila kabla sijasifu wala kulaumu, kuna jambo lazima mlijue, maana maoni yangu hayawezi kuwa kama ya mteja mwingine. Nyayo zangu hazihisi. Niliugua ukoma, nikatibiwa, nikapona. Vijidudu vimekwisha mwilini, hisia za nyayo hazikurudi. Mwenye miguu mizima akinunua kiatu, mguu wenyewe ndio unaotoa maoni: hapa panabana, hapa panachoma, hiki kirudishe dukani. Mguu wangu haulaumu kitu. Ukiusimamisha juu ya kigae cha chupa, kwake ni sawa tu, tuendelee. Kwa hiyo haya mnayosoma yametolewa na macho, na mikono, na mara moja yalitolewa na pua.

Ya pua ndiyo iliyoanza. Usiku wa Ramadhani, miaka minne iliyopita, baada ya tarawehe, nilisimama penye baraza moja huko Kibokoni ambapo wazee hucheza dhumna. Nimeweka dele chini, namimina, nacheka na mtu. Nikanusa nyama inaungua. Nikafikiri ni mishkaki ya kijana wa pembeni, hata nikamtania kwamba leo atawalisha watu makaa. Mzee mmoja akaweka dhumna zake chini, akanitazama miguuni. "Yakhe, ni wewe! Mguu wako waungua!" Kaa la dele lilikuwa limeanguka baina ya ukanda wa kandambili na kidole changu cha pili. Lilikuwa limekaa pale muda wa kutosha kuyeyusha mpira. Nililitoa kwa kidole, na kidole nacho hakikusema kitu.

Usiku ule sikulala. Si kwa maumivu, kwa sababu hayakuwepo.

Nilikuwa na baka mgongoni na jingine pajani, rangi yake imepauka kuliko ngozi, tangu miaka miwili nyuma. Duka la dawa moja, silitaji, liliniuzia mafuta ya choa tube baada ya tube. Hakuna aliyenigusa baka kwa pamba kuona kama nahisi, na kipimo hicho hakina gharama hata ya shilingi. Silaumu sana. Kenya ilishuka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mwaka 1989, na tangu hapo wengi wamekaa wakidhani ukoma ni maneno ya vitabu vya dini. Pwani hii, Kwale na Kilifi, bado wagonjwa hupatikana. Muuguzi wa kliniki ya serikali ndiye aliyenipima: alinifumba macho, akanigusa nyayo kwa ncha ya kalamu ya bolpeni, akaniambia nioneshe kwa kidole kila ninapohisi. Nikasubiri aanze. Kumbe alikuwa ameshamaliza. Halafu akapapasa nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu na penye kiwiko cha mkono wa kushoto, akasema mishipa ya fahamu imenenepa. Akanishikisha mwenyewe. Pale kiwikoni ilikuwa kama kamba ya mshipi chini ya ngozi.

Vidonge miezi 12, bure. Mkojo mwekundu siku ya rifampisini, ngozi ikakoza rangi kwa klofazimini hadi watu wakaniuliza kama nimeanza kuvua samaki. Hayo niyaache. Mkitaka kujua, dawa zipo, na mtu akishaanza kuzimeza haambukizi tena muda si mrefu. Mke wangu tulikula sahani moja mwaka mzima na yu mzima hadi leo.

Baada ya dawa ndipo ilipoanza safari ya viatu. Kandambili nilikatazwa: vidole hulazimika kuzikaza ili zisivuke, ile kamba ya kati hula ngozi, na ikivuka mguuni mimi sina habari, nitaendelea kutembea na moja. Makubadhi nayapenda kama Mswahili mwingine yeyote, lakini nayo yana kishikio cha kidole, na ngozi yake mpya ni ngumu. Raba za mitumba za Kongowea zilinipa kidonda cha kwanza kikubwa, kwa sababu ndani kulikuwa na mshono uliosimama kama uti wa samaki na mimi nikautembelea kutwa. Akala zinadumu, mwiba haupiti, ila juu ni ngumu kama zilivyo chini. Kidonda cha kisigino kilichukua miezi mitatu kupona, na miezi hiyo kijana wangu ndiye aliyebeba dele.

Huyu fundi nilielekezwa na mtu wa kisukari. Wenye kisukari cha miaka mingi nao hupoteza hisia za nyayo, njia nyingine lakini kidonda ni kilekile, kwa hiyo maoni haya ni yao pia. Kibanda chake ni cha mabati, nyuma ya Mwembe Tayari, upande ambao mabasi ya bara hupakia. Hana bango. Uliza fundi mzee wa viatu mwenye redio. Ana kalibu za mbao za zamani zimening'inia, msharasi ambao mpini wake umelainika kwa jasho, na donge la nta jeusi kwa uchafu wa miaka.

Nilipomwambia nataka ndara za mguu usiohisi, aliuliza kwa nini hauhisi. Hapa watu wengi huwa nawaambia sukari. Siku ile sijui kwa nini nikasema kweli.

"Jedhamu?" akauliza, kwa lile jina la kale.

"Ndiyo, ami. Ilikuwa. Nimemaliza dawa."

Akafuta mikono, akapiga paja lake mara mbili. "Uweke hapa." Akauchukua mguu wangu mapajani, akaupindua, akaanza kuubonyeza kisigino kwa kidole gumba kama mtu anayechagua embe. Kwa hilo tu ningempa nyota mbili hata kama ndara zingekuwa mbovu.

"Nasikia ugonjwa huu hula vidole," akasema.

Nikamwambia hauli. Hili limethibitishwa zamani, na aliyelifanyia kazi sana ni daktari mpasuaji Paul Brand, huko Vellore, India. Aliona kwamba vidole vya wagonjwa vinapotea kwa majeraha ambayo mwenyewe hakuyahisi: moto, misumari, viatu, kazi ngumu. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wakiamka asubuhi wameliwa kidole na panya, kwa sababu usingizini hakuna kilichowaamsha. Wakapewa paka wa kulala nao. Mimi Mji wa Kale sihitaji kupewa, paka wa kwetu ni wengi kuliko wapangaji.

"Basi chala nini, kidudu chenyewe?"

Muuguzi alikuwa amenieleza mara tatu kwa mfano wa waya wa umeme, na mara zote niliitikia kwa adabu bila kushika vizuri. Lakini fundi wakati ule alikuwa akivuta uzi juu ya donge la nta, akiupitisha na kuurudisha, na nikaona nina mfano bora mkononi mwake.

Nikamwambia: mshipa wa fahamu ni fungu la nyuzi. Uzi unaofika kidole gumba cha mguu hutoka uti wa mgongo, urefu wake karibu mita nzima. Uzi huo hauachwi mtupu. Njia nzima umekumbatiwa na seli zinazoitwa seli za Schwann, kwa jina la Mjerumani aliyezieleza karne ya 19. Ndizo zinazoulisha uzi, ndizo zinazoufunika ili habari ipite haraka. Hizo ndizo nta. Kijidudu cha ukoma, Mycobacterium leprae, ambacho Hansen wa Norwei alikiona mwaka 1873, hakianzi na uzi. Huingia kwenye nta.

"Na kuingia kwaingiaje?" Fundi hataki hadithi ya nusu.

Hili niliwahi kulisoma kwenye simu usiku kucha, kwa sababu mtu akishavamiwa nyumba hutaka kujua mlango uliopitwa. Kila seli ya Schwann imevikwa utando mwembamba, na ndani ya utando mna protini iitwayo laminini. Aina ya laminini iliyo kwenye mishipa ya fahamu si ile iliyo kila mahali. Kijidudu kina ganda lenye mafuta ya aina yake, na mafuta hayo hunata kwenye laminini hiyo. Laminini nayo, upande wa pili, tayari imeshikana na mlango wa seli, kipokezi kiitwacho distroglaikani. Kwa hiyo kijidudu hakivunji mlango. Ni kama yule kijana asiyealikwa harusini anayejitwisha sinia la biriani pale getini: nani atamzuia? Anaingia na sinia, watu wanampisha.

Kijidudu akishaingia hana haraka. Kuna bakteria wanaojigawa kwa dakika 20 hivi wakipata mazingira mazuri. Huyu huchukua karibu wiki mbili kujigawa mara moja. Ndiyo maana miaka mitano hupita, wakati mwingine 20, kabla mtu hajaona baka. Hadi leo hakuna aliyeweza kumkuza kwenye chupa ya maabara, hukuzwa kwenye nyayo za panya na kwenye armadilo, mnyama wa Marekani mwenye gamba na mwili usio na joto kali. Kijidudu huyu anapenda ubaridi, nyuzijoto kama 30 hivi, si zile 37 za ndani ya mwili wetu. Kwa hiyo hukaa masikioni, puani, viwikoni, vifundoni, pale mishipa inapopita karibu na ngozi. Watu huniuliza, ubaridi gani Mombasa hii? Lakini hata Januari, mtu akichuruzika jasho pale Makupa, nyayo zake haziwi na joto la tumboni mwake.

Na mwaka 2013 kulitoka utafiti wa panya ulioonesha jambo ambalo bado linanisumbua: kijidudu kikikaa ndani ya seli ya Schwann huweza kuisahaulisha kazi yake, ikarudi kuwa seli changa isiyo na ufundi wowote, yenye kutembea, na ikitembea inakibeba kwenda kwingine. Fundi aliacha kuvuta uzi aliposikia hili.

"Yaani amsahaulisha fundi ufundi wake, kisha amfanya hamali."

Sikuwahi kulisikia likielezwa vizuri zaidi.

"Sasa, uzi usio nta," akasema, "waingia maji, waoza. Hata ukishona vipi."

Ndivyo. Ingawa si kijidudu peke yake kinachoharibu. Mwaka 2017 watafiti waliwatumia samaki wadogo wa mistari, ambao wakiwa wachanga mwili wao hupitisha mwanga, wakaona askari wa mwili wenyewe, zile seli zinazomeza vijidudu, zikiwa ndizo zinazochana funiko la mshipa. Mafuta yaleyale ya ganda huwachokoza askari watoe sumu, na sumu haichagui. Kwangu mimi hayo yalikuja mwezi wa tano wa dawa. Kiwiko kiliuma, kifundo kikavimba. Mshipa unaokwenda unyayoni hupita nyuma ya kifundo cha ndani, kwenye kipenyo chembamba chenye ukuta mgumu. Ukivimba hauna pa kwenda, unajibana wenyewe. Nilipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miezi mitano ya kupunguza dozi kidogo kidogo, mkono ukaokoka kwa kiasi. Nyayo zilikuwa zimechelewa. Mwenye kusoma hapa na anameza dawa za ukoma, siku kiwiko au kifundo kikianza kuuma, au mkono ukilegea, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo. Hata kama umemaliza dawa, nenda, maana mwili huweza kupigana na mabaki ya vijidudu vilivyokufa.

Haya. Ndara.

Alinipima kwa kunisimamisha juu ya kipande cha katoni, kila mguu peke yake, akachora kwa penseli, kisha akapima tena jioni kwa sababu miguu yangu huvimba. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kunipima mara mbili. Alitaka shilingi 2,600, nusu mbele. Alisema Alhamisi, nikazipata Jumatatu ya pili yake. Hilo nimelizoea, hata cherehani ya mama yangu ilikuwa hivyo.

Soli ya chini ni tairi, ngumu, na alama za mistari ya barabara bado zipo. Mwiba, msumari wa njiani, kigae, hakuna kilichowahi kupenya kutoka chini. Juu yake kuna mpira wa sponji wenye vitundu vidogo sana, unene karibu milimita 12. Hapa ndipo penye siri ya ndara nzima na hapa ndipo alipokosea mwanzo. Jozi ya kwanza aliweka sponji ya godoro. Ilikuwa raha kutazama, ukiibonyeza inaingia hadi mwisho, na wiki ya tatu ilikuwa bapa kama chapati. Nilimrudishia nikamweleza kipimo nilichofundishwa kliniki: ukibonyeza kwa kidole gumba iingie nusu, ukiachia irudi. Ikikataa kuingia ni ngumu mno, ikiingia yote haina kazi. Alizunguka maduka yake, akapata mpira wa namna nyingine, akabadilisha bila kunitoza. Huo umekaa miezi saba na bado unarudi ukibonyezwa, ila pale chini ya kidole gumba umeanza kuchoka.

Kazi ya sponji si raha. Mtu anayehisi akitembea mbali hubadilisha mkanyago bila kujijua. Kisigino kikichoka huegemea ubavu, ubavu ukichoka hurudi mbele. Mimi nakanyaga palepale, hatua ileile, kutoka Makadara hadi nyumbani. Ngozi ya pale inapigwa mara maelfu. Sponji inatawanya uzito kwa niaba yangu, inafanya ile kazi ya kulalamika ambayo mguu umeiacha.

Mkanda wa nyuma upo, wa ngozi laini, na bila huo ndara ingevuka bila mimi kujua. Mikanda ya mbele ni miwili, mipana, imefungwa kwa velkro. Niliomba velkro badala ya bizimu kwa sababu vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na cha pete, havina nguvu tena. Velkro hujaa mchanga, nasafisha kwa mswaki wa zamani. Mbele pana nafasi ya kutosha, vidole havigusi ukingo. Uzito ni mkubwa kidogo. Mwenye haraka hatazipenda. Maji hayazisumbui soli, lakini ngozi ya mikanda hukauka vibaya baada ya mvua, inataka mafuta.

Mguu wenyewe nao unataka mafuta. Nyuzi za kuleta jasho ziliharibika pamoja na nyingine, nyayo hazitoi jasho, zinapasuka kama udongo wa kiangazi. Kila usiku dakika 20 kwenye beseni la maji, najifuta juu juu, kisha mafuta ya nazi. Halafu ukaguzi. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo tunatafuta joto: sehemu moja ikiwa na joto kuliko nyingine, hapo ndara imepaonea. Hufanya mke wangu kwa nyuma ya kiganja chake, kwa sababu vidole vyangu siviamini. Siku za mwanzo nilivaa nusu saa tu, tukapapasa, nusu saa nyingine, tukapapasa. Mara ya pili akasema, "Hapa pana moto, babake," penye ubavu wa mguu wa kushoto. Nikapeleka, fundi akapunguza ukingo kwa kisu. Tangu hapo hapajawahi kuwa na joto.

Sasa msumari.

Mvua za masika, mwezi wa tano tangu nizivae, gundi ya mkanda wa nyuma wa kulia iliachia. Nikampelekea asubuhi. Alikuwa na wateja wengi, basi la bara lilikuwa karibu kuondoka na abiria mmoja akimpigia kelele za mkoba. Akanichukulia ndara, akaitia gundi, na kwa haraka akaipigilia msumari mdogo ili ishike. Nilimwona. Nilijua haifai, nilikuwa nimemwambia siku ya kwanza kwamba kiatu changu kisitiwe msumari popote. Nikanyamaza kwa sababu nami nilikuwa na haraka. Hilo ni langu.

Jioni nilizunguka kama kawaida. Kwa isha nikaingia msikitini, nikavua ndara mlangoni, nikapita hadi safu ya pili. Kijana wa miaka kama kumi, aliyekuwa nyuma yangu, akanivuta kanzu. "Ami. Ami, watokwa na damu." Niligeuka. Kutoka mlangoni hadi niliposimama kulikuwa na alama za kisigino, moja moja, kila hatua ya kulia, nyekundu juu ya mkeka. Zilikuwa safi na zimepangika kama zimechorwa.

Nilioga aibu. Watu walikuwa wema, mmoja alileta maji, mwingine kitambaa, imamu akasema mkeka utafuliwa tu. Nyumbani tuliona tundu kisiginoni, na ncha ya msumari imechungulia juu ya sponji kiasi cha punje ya mchele. Kwa muda wa saa nne nilikuwa nimeitembelea. Nilikwenda kliniki asubuhi, nikasafishwa, nikachomwa sindano ya pepopunda, nikakaa kitandani wiki tatu.

Nilipomrudia fundi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Sikuyasema. Nilimpa ndara, nikaiweka tundu juu. Akapitisha kidole, akakichoma, akakitoa haraka kikiwa na tone la damu. Alikitazama kile kidole muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akachukua koleo, akang'oa msumari, akageuza ndara ya pili ambayo haikuwa na kasoro, akaikagua kila upande, akaanza kuvuta uzi kwenye nta. Alishona mikanda yote upya, mishono miwili miwili, vifundo vyote nje ili kusiwe na kitu ndani. Hakutaka pesa. Redio aliizima, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Kwa hiyo nyota nne. Ukienda, mwambie mwenyewe, na umwambie mara mbili: usitie msumari, vifundo nje, sponji ya kurudi. Usimpelekee kazi asubuhi wakati mabasi yanapakia. Nenda baada ya adhuhuri, na ukimkuta hayupo, amekwenda kuswali, subiri. Kama nyayo zako zinahisi vizuri, ndara hizi utaziona nzito na ghali, na utakuwa umesema kweli.

Wateja wangu wa Kibokoni watakaosoma hapa watanijua. Kahawa ni ileile, na iliki sijapunguza.

Nimeagiza jozi ya pili, ili nibadilishane na hii na sponji ipate kupumzika. Amesema Alhamisi. Nitakwenda Jumatatu.